Kuhuisha kibali cha mgodi wa makaa ya mawe Marekani: anzia mgodini, faili baadaye

Kazi yangu ni kuandaa vibali vya migodi ya wazi ya makaa ya mawe katika milima ya Appalachia. Wanaonipigia simu huwa wameshajaza faili nene na wanataka nilipitie. Mimi huomba kwanza tupande gari twende mgodini. Karatasi iliyokosewa hurekebishwa kwa siku mbili. Ardhi isiyofanana na ramani iliyo ndani ya faili huchukua miezi.

Sheria inayotubana ni ile ya 1977 iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, inayosimamia uchimbaji wa makaa ya wazi na kurejesha ardhi, ambayo sisi huiita SMCRA. Kwa kawaida kibali hakizidi miaka 5. Majimbo mengi yenye makaa, kama West Virginia na Kentucky, husimamia sheria hiyo yenyewe. Tennessee iko moja kwa moja chini ya OSMRE, ofisi ya serikali kuu inayosimamia sheria hiyo. Kwa hiyo soma na kanuni za jimbo lako, maana zinaweza kuwa kali zaidi.

Hatua ya 1: Hesabu siku kurudi nyuma

Ombi la kuhuisha lazima lifike angalau siku 120 kabla kibali hakijaisha. Usiichukulie hiyo kuwa tarehe ya kuanzia. Mimi huanza mwaka mzima kabla.

Kinachokula muda ni tangazo la ombi hilo kwa wananchi. Lazima litoke kwenye gazeti la eneo hilo mara moja kwa wiki, wiki nne mfululizo, na baada ya tangazo la mwisho wananchi wana siku 30 za kutoa maoni. Gazeti moja liliwahi kuniruka wiki ya tatu. Hakuna aliyegundua hadi tulipokuwa tunakusanya nakala za ushahidi, ikabidi tuanze upya wiki ya kwanza. Tangu hapo hununua nakala kila wiki na kulikata tangazo siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tembea mpaka kwa miguu

Kuhuisha kunahusu eneo lililokwisha kuruhusiwa tu. Ukitaka kuongeza ardhi nje ya mpaka, sehemu hiyo inahitaji ombi kamili kama la kibali kipya. Kwa hiyo chukua GPS, fuata alama za mpaka moja baada ya nyingine, uangalie kama tingatinga halijavuka. Mita tano za kifusi upande wa pili zinatosha kukuharibia.

Tazama pia mabwawa ya kunasa tope: yamejaa kiasi gani, maji yanayotoka yana rangi gani. Maji ya rangi ya chungwa ni habari mbaya, na nitayarudia.

Sheria inampa mwenye kibali haki ya kuhuishiwa, na anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wengine hulala usingizi kwa sababu hiyo. Lakini kama masharti ya kibali cha sasa hayatimizwi, ombi linaweza kukataliwa. Rekebisha makosa kwanza, ndipo uombe.

Hatua ya 3: Faili

Hapa ni kifupi: muda unaoomba, ushahidi wa bima, ushahidi kwamba dhamana (fedha zinazohakikisha ardhi itarejeshwa) itaendelea, nakala za tangazo, na taarifa zilizobadilika. Kwenye dhamana, piga hesabu kana kwamba kampuni imetoweka na serikali inamlipa mkandarasi mgeni amalizie kazi. Atakuja na mitambo yake kutoka mbali, na mafuta atanunua mwenyewe. Anayetumia gharama za mitambo yake iliyokwisha kuwapo pale huishia na tarakimu ndogo isiyokubalika.

Hatua ya 4: Mpango wa kurejesha ardhi

Anza na udongo wa juu. Huondolewa peke yake kabla ya kulipua mwamba, na ukihifadhiwa kwenye lundo, lundo hilo hupandwa nyasi haraka usimomonyoke. Kama ni mwembamba, chini ya inchi 6, unaruhusiwa kuuchukua pamoja na udongo laini ulio chini yake. Pima kila lundo na ulinganishe na ekari zinazosubiri kufunikwa. Mara nyingi nimekuta udongo kwenye karatasi ni mwingi kuliko ulio kwenye lundo.

Kisha kifusi. Mwamba ukivunjwa huvimba: mita za ujazo 100,000 zikivimba kwa asilimia 20 zinakuwa 120,000. Zitakaa wapi? Ardhi inatakiwa irudi karibu na umbo lake la awali na ukuta wa mgodi ufunikwe, hivyo ziada ipangiwe mahali mapema.

Mawe yenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, yapimwe kabla ya kuchimbwa. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi, na hapo ndipo ile rangi ya chungwa inapotoka. Yafukie mbali na njia ya maji, pamoja na mawe yenye chokaa.

Kama ardhi itarudi kuwa msitu, usiishindilie. Mti unahitaji angalau futi 4 za udongo na mawe yaliyolegea. Waendesha tingatinga wanapenda kuacha uso laini kama meza. Waambie wapite mara moja au mbili, waondoke. Jaribio langu ni fimbo ya chuma: ikigota inchi nane chini, mizizi nayo itagota hapohapo. Nyasi nazo zichaguliwe fupi na zisizosongamana, zisije zikamaliza miche.

Hatua ya 5: Panga jinsi dhamana itakavyorudi

Hadi asilimia 60 inaweza kuachiliwa baada ya kujaza shimo, kusawazisha na kudhibiti maji. Sehemu nyingine hufuata mimea ikishika. Iliyobaki husubiri miaka 5 kamili, au 10 katika maeneo yenye mvua ya inchi 26 au pungufu kwa mwaka.

Miaka hiyo huhesabiwa tangu mara ya mwisho ulipoongeza mbegu, mbolea au maji. Meneja mmoja aliona kilima kimefifia mwaka wa nne, akamwaga mbolea kwa nia njema bila kumuuliza mtu. Hesabu ikarudi sifuri.