Kuwasha injini ya skuta bila mkanda

Mafundi wengi wa Arusha wamezoea pikipiki za mnyororo, kwa hiyo skuta ikigonga upande wa kushoto hukimbilia kufungua injini. Lakini skuta husukumwa na mkanda, si mnyororo. Anza na mkanda kwanza: uvue, washa injini, usikilize kama mlio umebaki.

Simamisha skuta kwa stendi kubwa, nje, moshi upate pa kutokea. Fungua kava la kushoto, toa nati ya mbele, vua uso wa feni (nusu ya nje ya puli ya mbele, yenye mapezi) na mkanda, kisha rudisha uso huo pamoja na bushi yake na ukaze nati kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Nati ya kukaza kwa mkono itafunguka na feni itaruka.

Kiki hubaki kwenye kava, hivyo washa kwa selfu. Baadhi ya injini za 50cc meno ya selfu yako kwenye uso huohuo wa feni. Ukiuacha nje, selfu itazunguka hewani.

Acha inguruma saileni, yaani mwendo wa chini kabisa, sekunde 15 hadi 20. Usivute resi: haina mzigo, inapanda ghafla. Mlio ukipotea, tafuta kwenye mkanda, klachi au beringi za giaboksi. Ukibaki, ni injini yenyewe au rola (vizito vya ndani ya puli ya mbele), maana bado zinazunguka nayo.

Kosa baya kuliko yote ni kuwasha mkanda ukiwa umefungwa na bakuli la klachi, linalozunguka viatu vya klachi, limetolewa. Viatu vya klachi hufunguka bila kizuizi, springi hukatika na vipande hurushwa. Na mkanda usiulaze chini. Vumbi la mtaa wa Unga Limited likichanganyika na grisi, mkanda utateleza.