Skima ya Tangi la Maji Chumvi Ikigoma: Anza na Hewa, Kisha Kina cha Maji

Skima ya protini, yaani kifaa kinachotoa uchafu kwenye maji ya tangi la samaki kwa povu, ikiacha kujaza kikombe chake cha uchafu, wengi hukimbilia valvu ya kutolea maji na kuanza kuizungusha. Usiiguse kwanza. Valvu haijigeuzi yenyewe usiku. Kama jana skima ilifanya kazi vizuri na leo imelala, kilichobadilika ni hewa inayoingia, kina cha maji kwenye sampu (tangi dogo la chini linalowekwa vifaa), au maji yenyewe. Fuata mpangilio huo huo unapokagua. Ukishaichezea valvu umeongeza badiliko jingine juu ya lile la kwanza, na hutajua tena tatizo lilianzia wapi.

Kwa nini hewa inatangulia? Uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, ute na mabaki ya chakula una molekuli ambazo upande mmoja huvutwa na maji na upande wa pili huyakimbia. Molekuli hizo hujishikiza pale hewa inapokutana na maji, yaani kwenye ukuta wa kiputo. Viputo vikiwa vingi na vidogo, nafasi ya kujishikiza huwa kubwa, povu huwa zito, hupanda shingoni na kumwagikia kikombeni. Hewa ikipungua, hakuna kitu kingine kwenye skima kinachoweza kuifidia.

Hewa

Skima ikiwa inafanya kazi, ziba ncha ya mpira wa hewa kwa kidole. Unapaswa kuhisi kidole kinavutwa, na viputo ndani ya mwili wa skima vipungue papo hapo. Usipohisi mvuto, au ukihisi kidogo sana, chomoa kizuia kelele kilicho kwenye ncha ya mpira ujaribu tena. Mvuto ukirudi, kizuia kelele ndicho kimeziba: kioshe kwa maji ya moto, kikauke, kirudishe.

Mvuto usiporudi, chumvi imeganda kwenye venturi, tundu dogo la kunyonya hewa pale mpira unapoungana na pampu. Hewa na maji chumvi vinapokutana kwenye tundu dogo namna hiyo, maji hukauka na kuacha chumvi, na tundu hupungua siku hadi siku bila wewe kuona. Tiba yake ni rahisi. Chukua glasi ya maji yasiyo na chumvi, yaliyopashwa moto kiasi cha kuvumilika na mkono, utumbukize ncha ya mpira humo huku pampu ikizunguka, uiache inyonye kama mililita 200. Maji hayo huyeyusha chumvi yote njiani. Ukifanya hivi kila wiki, utaondokana na sehemu kubwa ya matatizo ya skima. Chumvi ikiwa imeshakuwa ngumu, zima umeme, toa mpira, na utumie brashi nyembamba. Usitumie waya wala msumari: ukilipanua au kulikwaruza tundu la venturi, uwiano wa hewa na maji umeharibika kabisa.

Jambo moja kuhusu hewa halisemwi vya kutosha kwa watu wa nchi za joto. Skima huvuta hewa ya chumbani na kuichanganya na maji saa 24. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo huingia humo humo. Viuadudu vingi vya nyumbani ni vya jamii ya pairethroidi, ambavyo ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba na kaa. Usipulize dawa kwenye chumba chenye tangi. Ikibidi kupuliza chumba cha jirani, zima skima, funga mlango, na uiwashe hewa ikishasafishika. Ni hivyo hivyo kwa rangi mpya ya ukuta.

Kina cha maji kwenye sampu

Skima nyingi za ndani ya sampu hutaka maji ya kina fulani, mara nyingi kati ya sentimita 15 na 25. Kipimo kamili kimo kwenye karatasi ya maelezo, na ndicho cha kufuata. Maji yakizidi, shinikizo kwenye njia ya kutokea hupanda, maji ndani ya skima hupanda nayo, na kikombe hujaa maji meupe. Yakipungua, povu hubaki chini ya shingo na halifiki popote. Sentimita 2 tu zinatosha kuleta tofauti hiyo.

Pima kwa rula pampu zote zikiwa zimewaka, kisha pima tena jioni. Kama kina kinashuka, maji yanapotea kwa mvuke na skima imekaa kwenye chumba cha sampu ambacho maji yake hayatulii. Ihamishie kwenye chumba chenye ukuta mfupi wa kioo unaoshikilia maji kwa kimo kimoja, au funga kijazio cha kujiendesha chenye kielea. Maji ya kujazia yawe yasiyo na chumvi, maana kinachoondoka kwa mvuke ni maji peke yake, chumvi hubaki. Sampu ikiwa na kina kirefu mno, inua skima kwa kijukwaa cha akriliki au vipande vya bomba la PVC vilivyokatwa sawasawa. Usitumie chuma wala mbao.

Umeme ukikatika na kurudi

Hapa ndipo sakafu nyingi hulowa. Umeme ukikatika, maji ya tangi hushuka kwenye sampu hadi usawa wa mdomo wa bomba la kurudishia. Fanya hesabu ya tangi lako. Tangi la sentimita 120 kwa 50 likishuka sentimita 2 hutoa lita 12. Sampu ya sentimita 60 kwa 40 ikipokea lita hizo, maji yake hupanda sentimita 5. Umeme ukirudi, skima huanza kazi ikiwa imezama sentimita 5 zaidi ya inavyotakiwa, na kikombe hufurika kabla pampu ya kurudishia haijayapandisha maji juu.

Dawa yake ni mbili, na inafaa kuzitumia zote. Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya usawa wa maji ya tangi, ili hewa iingie mapema na kukata mvuto. Lisafishe kila mwezi maana konokono na mwani huliziba. Kisha chomeka skima kwenye soketi yenye kuchelewesha umeme kwa dakika 5 hadi 10.

Kuna kasoro nyingine ya umeme kurudi inayowachanganya wengi. Pampu ndogo za umeme wa AC zinaweza kuanza kuzunguka upande wowote. Nyingi zina kizuizi cha kuzielekeza, lakini kikichakaa, rota (sehemu ya pampu inayozunguka) huenda kinyume: mlio unabadilika na viputo vinakuwa vichache na vikubwa. Zima, subiri sekunde 10, washa tena. Ikirudia mara kwa mara, rota inataka kubadilishwa.

Na ukiagiza skima kutoka Marekani, usiangalie volti pekee. Umeme wa kule ni wa hezi 60, wetu wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Transfoma hubadilisha volti lakini hezi haizigusi, na kasi ya pampu za namna hii hutegemea hezi: iliyoundwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika itazunguka mara 3,000. Hakuna valvu itakayorudisha kasi hiyo. Agiza ya hezi 50, au yenye pampu ya DC.

Kusafisha pampu

Hewa na kina vikiwa sawa na povu bado ni hafifu, fungua pampu. Chomoa umeme kwanza, na kamwe usitie mkono kwenye maji yenye kifaa unachokishuku. Toa kifuniko cha mbele, uvute rota polepole na iliyonyooka. Mhimili wake wa kauri huvunjika ukiusukuma upande. Loweka vyote kwenye siki na maji sawa kwa sawa kwa saa moja au mbili, au gramu 50 za asidi ya sitriki katika lita moja ya maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Chokaa ikilainika, sugua kwa mswaki na suuza sana. Sabuni usiitumie, na mwili wa akriliki usiusafishe kwa spiriti, kwa sababu huota nyufa ndogondogo. Siki na bleach visikutane kamwe, hutoa gesi ya klorini.

Kabla ya kurudisha, kagua pini ndogo za rota kama zimekatika, sumaku kama imevimba na kukwaruza ukuta, na vile viraba viwili vya kushikilia mhimili kama vipo vyote. Kiraba kilichoanguka kwenye sinki ndicho chanzo cha kelele nyingi baada ya usafi. Kazi hii ifanywe kila baada ya miezi mitatu.

Kikombe na shingo ni jambo la kila siku mbili au tatu. Utando wa mafuta ndani ya shingo huvunja povu linapojaribu kupanda, kwa hiyo futa shingo hata kama kikombe hakijajaa.

Maji yenyewe

Povu likianguka ghafla mara baada ya kulisha au baada ya kutia mikono tangini, usifanye lolote. Mafuta ya chakula na ya ngozi huvunja povu kwa saa kadhaa, kisha hurudi lenyewe. Skima mpya nayo huhitaji siku 3 hadi 7, wakati mwingine wiki mbili, mpaka mabaki ya kiwandani yaishe na kuta zishike utando mwembamba. Na skima iliyoundwa kwa tangi la lita 500 ikiwa kwenye tangi la lita 100 lenye samaki wawili haina kasoro yoyote. Uchafu wa kuushika haupo.

Chumvi ipime. Lenga uzito mahususi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) wa 1.025 hadi 1.026. Katika maji ya chumvi kamili viputo hubaki vidogo, na chumvi ikishuka huungana na kuwa vikubwa, ndiyo maana skima hizi hazifai kwenye tangi la sato. Wanaochota maji baharini wapime kila dumu wakati wa masika, hasa karibu na midomo ya mito.

Kufurika ni habari tofauti. Gundi ya epoksi ya kubandikia matumbawe, dawa za kuondoa klorini na dawa nyingi za samaki hufanya povu kuwa jingi kupita kiasi kwa siku moja au zaidi. Fungua kabisa valvu ya kutolea maji, mwaga kikombe mara kwa mara, weka mkaa amilifu, badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji. Lakini skima ikifurika na hukutia kitu chochote, hesabu samaki. Tafuta aliyekufa nyuma ya mawe, angalia anemone, na upime amonia siku hiyo hiyo.

Sasa valvu

Yote yakiwa sawa, rekebisha. Pale maji yanapogeuka kuwa povu pawe chini ya shingo au sentimita 1 hadi 2 ndani yake. Geuza kidogo, kisha subiri saa 24 kabla ya kugeuza tena. Kikombe kikileta maji ya rangi ya chai, shusha usawa kwa kufungua valvu. Kikileta tope jeusi kidogo mno, funga kidogo. Kwa tangi lenye samaki wengi, rangi ya kahawia ya wastani ni bora kuliko tope, kwa sababu uchafu mwingi zaidi huondoka.

Viputo vidogo vikifika tangini, sogeza tokeo la skima mbali na pampu ya kurudishia, au weka sponji katikati na uioshe kila wiki.

Pampu ikiendelea kudhoofika baada ya usafi, usinunue skima mpya kabla ya kujaribu rota mpya. Ndiyo sehemu inayochakaa kwanza, na inauzwa peke yake kwa jina la modeli na hezi.