Somo: Kuandaa tasnifu ya historia ya kijeshi kwa ajili ya tuzo

Wakuu, tuzo hizi ni chache. Ufaransa, kwa mfano, Wizara ya Majeshi inatoa Prix d'histoire militaire (Tuzo ya Historia ya Kijeshi) kwa tasnifu za uzamili na uzamivu. Masharti hutofautiana, maandalizi ni yaleyale. Tutumie vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki.

1. Soma tangazo kwanza: lugha, urefu wa ikisiri, tarehe. Wengi hukatwa kwenye tarehe. Wanaulizwa lini walitetea tasnifu, wao wanajaza mwaka waliovaa joho.

2. Ikisiri ianze na swali. "Mapigano ya Tanga, Novemba 1914" ni mada tu. "Jeshi lililishwaje reli ilipoishia?" ni swali, na linakupeleka moja kwa moja kwa wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi.

3. Vyanzo. Kule Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, shajara za vikosi ziko kwenye mfululizo wa WO 95, barua za serikali ya Kenya CO 533. Andika namba kamili ya jalada, "WO 95" peke yake haimsaidii jaji. Upande wa Wajerumani kuna pengo: hifadhi ya nyaraka za jeshi pale Potsdam iliungua Aprili 1945. Litaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

4. Majina na saa. Majina ya kikoloni yamebadilika: Bismarckburg ni Kasanga, Wilhelmstal ni Lushoto, Abercorn ni Mbala. Weka yote mawili, la zamani na la sasa, mara ya kwanza. Saa ndiyo mtego: mzee akisema "saa tatu asubuhi", kwenye shajara ya Mwingereza ni 9 a.m. Ukiandika 3 a.m. umeshahamisha shambulio usiku.

MASWALI

Swali: Mahojiano ni ya Kiswahili. Niweke tafsiri tu?
Jibu: Hapana mkuu. Tafsiri ikae ndani ya matini, maneno yenyewe kwenye kiambatisho. Jaji anayejua lugha atayatafuta.

Swali: Idadi ya wapagazi waliokufa inatofautiana kila kitabu. Nishike ipi?
Jibu: Usishike hata moja kabla ya kujua imehesabu nani. Waliofia kambini? Waliopotea njiani? Waliorudi kwao wagonjwa wakafia huko mara nyingi hawamo. Na usijumlishe za Waingereza na za Wabelgiji kama vigezo ni tofauti.

Swali: Barua ya msimamizi inachelewa.
Jibu: Iombe mapema, umwambatanishie ikisiri na tangazo. Asipojua vigezo atakuandikia kwamba una nidhamu, basi.