Namna ya Kuandika Sehemu ya Tamthilia ya Upelelezi Ambamo Wachunguzi Wanapingana

Waandishi wengi wa tamthilia za upelelezi huchukulia kuwa mvutano kati ya wachunguzi wawili ni suala la tabia: mmoja mkorofi, mwingine mpole, wanarushiana maneno mbele ya maiti hadi mkuu wao awanyamazishe. Onyesho la namna hiyo huchosha mapema kwa sababu mtazamaji hapewi kitu cha kupima. Mvutano unaomshika mtu hadi mwisho ni ule ambao wachunguzi wote wawili ni hodari, wote wanasema kweli kuhusu walichokiona, na bado majibu yao hayawezi kukaa pamoja.

Anza na jibu. Kabla ya kuandika mazungumzo yoyote, eleza katika ukurasa mmoja kile kilichotokea kweli, saa kwa saa, kana kwamba hakuna mchunguzi atakayefika. Kisha tafuta ndani ya ukurasa huo jambo moja la kimaumbile linaloweza kusomwa kwa njia mbili. Moja linatosha. Mwandishi anayeweka mafumbo matano katika sehemu ya dakika 45 atalazimika kuyafumbua yote kwa maelezo ya mdomo, na hapo tamthilia inageuka kuwa darasa.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, anakutwa amefariki chumbani kwake saa 3 asubuhi, madirisha yamefungwa na chumba kina joto la kawaida la jiji hilo. Daktari anapima joto la mwili na kukuta limeshuka hadi nyuzi 32. Katika chumba chenye nyuzi 30, mwili hupoa polepole mno, kwa hiyo anahitimisha kwamba marehemu alikufa jana yake mchana au hata kabla ya hapo. Afisa wa polisi aliyekuja naye anagusa taya, viwiko na magoti: taya na mikono imekakamaa, miguu bado. Anajua kwamba joto huharakisha kukakamaa kwa maiti, na kwamba kwa hali ya pwani hatua hiyo hufikiwa ndani ya saa chache tu. Yeye anasema mtu huyu amekufa alfajiri.

Jana mchana marehemu aligombana na mpangaji wake kuhusu kodi, na alfajiri aliyekuwa uani ni mpwa wake peke yake. Kila nadharia ina mtuhumiwa wake, na kila mchunguzi akishinda kuna mtu atakayelala mahabusu.

Wote wawili wamekosea, na wamekosea kwa sababu moja. Usiku kiyoyozi kilikuwa kikifanya kazi, kimewekwa nyuzi 16. Baridi hiyo iliupoza mwili haraka kuliko daktari alivyodhani, na papo hapo ikachelewesha kukakamaa kuliko afisa alivyodhani. Saa 12 asubuhi umeme wa LUKU, yaani ule unaolipiwa kabla ya kutumiwa, ukaisha, kiyoyozi kikazimika, na hadi wachunguzi wanafika chumba kilikuwa kimerudi kwenye joto lake. Kifo kilitokea karibu na saa 6 usiku, wakati ambao hakuna kati yao aliyeufikiria, na wakati huo mpangaji na mpwa wote walikuwa mahali pengine wakionwa na watu.

Uzuri wa fumbo la aina hii ni kwamba jibu lake linaweza kuonekana kwenye skrini tangu dakika ya pili. Rimoti ya kiyoyozi iko juu ya shuka, na kwa kuwa inatumia betri, kioo chake bado kinaandika 16 ijapokuwa nyumba nzima haina umeme. Kamera ipite juu yake mara moja bila kutua. Maji yaliyochuruzika chini ya friji yaonekane wakati mtu anayaruka. Mita ya LUKU ukutani ionekane nyuma ya bega la askari anayeandika maelezo ya shahidi. Mtazamaji makini akirudia sehemu hiyo mara ya pili ni lazima akute kwamba hakudanganywa. Akigundua kuwa taarifa muhimu ilifichwa hadi dakika ya 40, hatakuamini tena msimu mzima.

Baada ya fumbo kupatikana, chora jedwali kwa matumizi yako mwenyewe. Upande mmoja orodhesha vielelezo vyote, upande mwingine nadharia zote mbili, na kwa kila kielelezo jiulize nadharia hii inakielezaje. Nadharia yenye nguvu ieleze kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na kitu hicho kiwe tofauti kwa kila nadharia. Daktari hawezi kueleza miguu isiyokakamaa. Afisa hawezi kueleza nyuzi 32. Iwapo nadharia ya mmoja inashindwa na vielelezo vitatu, huyo si mpinzani, ni mjinga, na hakuna anayetaka kumtazama mjinga akishindwa kwa dakika 30.

Mazungumzo yao yatoke kwenye jedwali hilo hilo. Yawe mafupi na kila sentensi ishike kitu kinachogusika:

“Dokta, magoti bado yanakunjika. Mtu wa jana mchana angekuwa amekakamaa mwili mzima.”

“Na mtu wa alfajiri, Afande, angekuwa bado ana joto. Weka mkono wako hapa.”

Hawatukanani, wala hawatajani kwa majina. Heshima ya kikazi inaufanya mvutano uwe mkali zaidi, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake si mtu wa kubahatisha.

Kuhusu mgawanyo wa kazi, usiige kila kitu kutoka CSI, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na CBS mwezi Oktoba 2000, ambamo wachunguzi wale wale huokota vielelezo, huvipima maabara na kuwahoji watuhumiwa. Nchini Tanzania kazi hizo zimegawanyika: polisi wana wachunguzi wao wa eneo la tukio, daktari wa hospitali ya serikali hufanya uchunguzi wa maiti, na sampuli za vinasaba na sumu hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mgawanyo huo ni zawadi kwa mwandishi, maana unakupa watu watatu wenye mafunzo tofauti, kila mmoja akiwa ameona kipande chake tu, na bahasha zenye lakiri zinazosafiri kati yao.

Jiulize pia kila mchunguzi alijua nini kabla ya kuangalia. Mwaka 2006, mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wataalamu watano wa alama za vidole walipewa alama walizowahi kuzithibitisha wenyewe miaka ya nyuma, safari hii wakidokezwa kwamba hazilingani. Wanne kati yao walibadili jibu lao la awali. Miaka miwili kabla, baada ya milipuko ya treni mjini Madrid, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilimhusisha wakili mmoja wa jimbo la Oregon na alama ya kidole iliyokutwa kwenye mfuko wenye viwashio vya mabomu. Polisi wa Hispania walikataa ulinganisho huo na baadaye wakaihusisha alama hiyo na mtu mwingine. Wakili akaachiwa, na FBI ikaomba radhi. Katika hadithi yetu, basi, afisa awe amesikia habari za mpwa kabla hajaingia chumbani, na daktari awe amesikia za mpangaji. Isisemwe waziwazi, mtu mmoja anong’one getini, inatosha.

Sehemu ngumu ni kuamua mvutano unaishaje, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza kwa kuleta kukiri kwa ghafla. Mtuhumiwa analia, anasema yote, na wachunguzi wanabaki wamesimama bila kazi. Mvutano wa kisayansi uishe kwa jaribio, tena jaribio ambalo wapinzani wote wawili wamekubali kabla kwamba litaamua. Mfano bora ninaoufahamu ni wa Jacksonville, Florida. Baada ya moto wa nyumba wa mwaka 1990 ulioua watu, mwendesha mashtaka aliwaita wataalamu walioamini kwamba kuna mtu aliyemwaga kimiminika cha kuwashia moto, kwa kuwa sakafu ilikuwa na michoro ya kuungua inayofanana na ya petroli. Nyumba ya jirani ilikuwa ya muundo ule ule, ikisubiri kubomolewa. Waliipamba kwa samani zinazofanana, wakaanzisha moto kwenye kochi bila petroli, na katika muda wa chini ya dakika 5 chumba kizima kiliwaka kwa mkupuo mmoja na kuacha michoro ile ile sakafuni. Wataalamu hao walibadili msimamo, na mashtaka dhidi ya mtuhumiwa yakaondolewa.

Kwa hiyo warudishe daktari na afisa wako chumbani Sinza. Wanunue umeme, wawashe kiyoyozi kwa nyuzi 16, waketi na kipimajoto huku chumba kikipoa, kisha wazime na kuhesabu dakika hadi joto lirudi. Onyesho la watu wawili wasioelewana, wakitetemeka kwa baridi katika chumba cha marehemu na kugawana shuka moja, lina thamani kuliko kurasa kumi za kukiri.

Kuna aina nyingine ya mgongano ambayo haifai kuchanganywa na hii. Mabaki ya Julie Ward, Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara nchini Kenya mwezi Septemba 1988, yalikaguliwa na mwanapatholojia, yaani daktari wa kuchunguza maiti, aliyeona mikato safi ya chombo chenye makali. Ripoti yake ikabadilishwa maneno na mkubwa wake, huku baadhi ya maafisa wakishikilia kuwa aliliwa na wanyama. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1989 ulithibitisha kuwa aliuawa. Huko tatizo lilikuwa shinikizo, wala mifupa haikuwa na utata. Hadithi ya shinikizo ni nzuri, lakini inadai sehemu yake yenyewe: ukiiingiza katikati ya fumbo la kiyoyozi, mtazamaji atadhani mmoja wa wachunguzi amehongwa na ataacha kufikiri.

Ukihitaji onyesho la mahakamani, kumbuka kwamba kwa Tanzania na Kenya alichosema mtaalamu huchukuliwa kuwa maoni, na hakimu au jaji anaweza kuyakataa akitoa sababu. Wakili wa utetezi amwulize daktari kwa nini maelezo yake ya kwanza yalitaja mchana, na daktari asome kwa sauti maandishi yake mwenyewe yaliyokosewa.

Muswada ukikamilika, mpe daktari anayefanya uchunguzi wa maiti aukague, hasa saa na nyuzi joto, kabla mwongozaji hajaugusa. Kisha ondoa kila sentensi ambayo mchunguzi anamweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua.