Soma namba ya pili kwenye lenzi

Unachagua kamera ndogo ya zumu ya kwenda nayo Kilwa Kisiwani au Mikindani? Usikimbilie inayovuta mbali zaidi. Soma namba za mwanga zilizoandikwa kwenye lenzi. Sony RX100 VII ni 2.8-4.5, Panasonic TZ200 ni 3.3-6.4. Namba ya pili ni ya zumu ikivutwa hadi mwisho: 4.5 inaingiza mwanga mara mbili ya 6.4, kwa hiyo ukipiga jahazi jioni, picha haitikisiki ovyo wala kujaa chenga. Ila linganisha zenye sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha) ya ukubwa sawa tu (hizi zote ni inchi 1). Ndege wa kwenye mikoko saa sita mchana? Hapo jua linatosha, chukua TZ200: inavuta mbali zaidi, hadi milimita 360 dhidi ya 200 za Sony.