Nyuzi za besi hapa Tanga: jinsi ya kujua zimekufa, na jinsi ya kufunga mpya

Wapiga gitaa la besi huulizana kila siku: nyuzi zibadilishwe baada ya miezi mingapi? Hesabu ya miezi inapotosha. Kinachoua uzi ni jasho, mafuta ya vidole, chumvi ya hewani na freti zenyewe, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingoni, kwa hiyo hesabu saa unazopiga na angalia gitaa linalala wapi. Seti inayomaliza mwaka kwa mtu wa Lushoto anayepiga chumbani kwake inaweza kufa ndani ya wiki nne kwa mpiga besi wa bendi ya harusi Ngamiani, anayetoka jasho siku tatu kwa wiki. Na gitaa linalolala Raskazone, dirisha likitazama bahari, hushika kutu hata likiwa halipigwi.

Hatua ya 1: Jua umefunga nyuzi gani

Pitisha ukucha kwa urefu wa uzi wa E, ule mnene kuliko wote (baada yake ni A, D na G). Ukikwaruza kama unapita juu ya tupa, hiyo ni raundi: kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa duara. Ukiteleza, ni flati: waya wa nje ni bapa kama utepe.

Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Raundi ina mifereji midogo kati ya mzunguko na mzunguko, na humo ndimo uchafu unamojaa. Flati haina mifereji, wala haina mng'ao mwingi wa kupoteza. Fender Precision, gitaa la besi la Marekani la mwaka 1951, ilitoka kiwandani na flati. Raundi zilienea miaka ya 1960, kampuni ya nyuzi ya Rotosound ya Uingereza ikiwa mstari wa mbele. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, alijulikana kwa kuziacha flati zake hadi uzi ukatike. Ukipiga raundi, mtindo huo haukufai.

Kwa taarabu na dansi la zamani, ambako besi inatakiwa inenepe na ikae chini ya kinanda na gitaa la ridhim, ushauri wetu ni flati, bila kusitasita. Kwa injili ya kisasa, ambako watu wanachapa uzi kwa dole gumba, funga raundi na ukubali gharama yake.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kutoa pesa

Kuna majaribio manne. Usifanye moja tu ukaamua.

*Freti ya 12.* Tyuni uzi ukiwa wazi, yaani haujakandamizwa, kwa tyuna, kile kipima noti. Uguse kwa wepesi juu ya freti ya 12, bila kuukandamiza, itoke ile sauti ya kengele. Kisha ukandamize hapo hapo, upige. Tyuna ionyeshe noti ile ile, sindano mahali pale pale. Ikipishana kwa uzi mmoja tu, na briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, haijaguswa tangu seti ifungwe, uzi huo umekwisha. Sababu ni kwamba uchafu haukai sawasawa: sehemu unayoishika sana inakuwa nzito kuliko nyingine, na uzi wenye uzito usiolingana hauwezi kutoa noti safi kila mahali. Zikipishana zote nne kwa pamoja, angalia kwanza shingo na briji.

*Chini ya uzi.* Legeza kidogo uzi wa A, ingiza ukucha upande unaogusa freti, upitishe kwenye freti ya 3, 5 na 7. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, chuma cha freti kimeula uzi. Seti ya namna hiyo hairudi, hata uioshe kwa chochote.

*Rekodi ya simu.* Hili ndilo tunalolitegemea zaidi, na ndilo linalosahaulika. Sikio huzoea, maana uzi hufa kidogo kidogo. Siku unayofunga seti mpya, rekodi kwa simu nyuzi nne zikiwa wazi, moja baada ya nyingine, kila moja ukiiacha ivume hadi inyamaze. Ihifadhi. Kila mwisho wa mwezi rekodi tena, simu ikiwa pale pale, kisha sikiliza zote mbili. Mara nyingi E ndiyo inayotangulia kufa: mwanzo wake unakuwa butu kama kugonga boksi, na mvumo unafupika.

*Kutu.* Angalia karibu na briji, pale kiganja kinapopumzika. Vidoadoa vya kahawia havisubiri mwisho wa mwezi. Uzi wenye kutu unasugua freti kama msasa, na kubadilisha freti ni kazi ghali kuliko seti nyingi za nyuzi.

Ukihitaji makadirio ya kupangia bajeti, haya ndiyo tunayoyatumia kwa hali ya hewa ya Tanga. Raundi za kawaida kwa bendi inayopiga siku tatu kwa wiki: wiki 4 hadi 6. Kwa mpiga besi wa kanisani, Jumapili na mazoezi mawili: miezi 3 hadi 4. Kwa anayejifunza nyumbani: miezi 6, mradi anazifuta. Zilizopakwa utando wa plastiki hudumu mara mbili au tatu ya hapo. Flati tunaziacha miaka miwili na zaidi, na wengi huanza kuzipenda zikishapoteza ule ukali wa miezi ya mwanzo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, punguza makadirio hayo, maana unyevunyevu haukauki kwenye mifereji ya raundi.

Ukienda kurekodi studio, funga mpya siku mbili au tatu kabla. Ukifunga asubuhi ya siku yenyewe, utatumia saa za kulipia kutyuni.

Hatua ya 3: Nunua saizi yako

Pakiti huandikwa namba kama 45-65-85-105. Huo ni unene kwa elfu za inchi: G ya milimita 1.14 hadi E ya milimita 2.67. Baki kwenye namba ulizozoea. Ukishuka hadi seti ya 40-100, mvuto kwenye shingo unapungua, shingo inanyooka kupita kiasi, na nyuzi zinaanza kugonga freti za mwanzo zikipigwa.

Pima urefu pia. Kutoka kwenye mfupa wa juu, ule ulio kati ya shingo na kichwa, hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha kwa 2. Ukipata kama milimita 864, yaani inchi 34, gitaa lako ni la urefu wa kawaida. Ukipata 762 ni fupi, nunua seti iliyoandikwa fupi. Wengi huagiza Kariakoo, seti ikaja na basi. Agiza mbili, kwa sababu uzi hukatika usiku wa kazi, saa ambayo hakuna duka.

Hatua ya 4: Kufunga

Andaa plaizi ya kukatia, bisibisi, alenki ya kibebeo cha briji (kile kipande kinachobeba uzi), rula, tyuna, kitambaa cha pamba na taulo la kulalia gitaa. Kama ni mara ya kwanza, jipe saa nzima.

Toa na ufunge uzi mmoja mmoja. Nyuzi nne zinaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, na ukiziondoa zote kwa mpigo shingo inahama kidogo, kisha itachukua muda kutulia. Ukitaka kusafisha ubao wa shingo unaweza kuzitoa zote, lakini ujue utarudia marekebisho kesho yake. Legeza uzi kabisa kabla ya kuukata. Uzi uliokazwa ukikatwa unaruka, na jicho liko karibu.

Pitisha uzi mpya kwenye briji hadi kile kipete cha shaba kikae sawa mahali pake, kisha uvute hadi kwenye kigingi chake, kile cha kukazia uzi kichwani.

Hapa ndipo seti nyingi zinapoharibikia, basi nenda polepole. Kigingi cha besi kwa kawaida kina unene wa milimita 12 au 13, hivyo mzunguko mmoja unakula karibu sentimita 4. Unataka mizunguko mitatu. Vuta uzi ukiwa umenyooka, pima sentimita 12 hadi 13 kupita kigingi, weka alama kwa kalamu. Kabla ya kukata, pinda uzi digrii 90 kwenye alama, kisha kata sentimita moja na nusu mbele ya kona hiyo. Kona inaubana waya wa nje juu ya kiini. Ukikata kwanza, waya wa nje unaweza kulegea na kuteleza, na uzi mpya kabisa utasikika kama wa miaka mitatu. Kosa hili halitengenezeki.

Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya kigingi hadi iguse chini, kona ikae kwenye mfereji. Shikilia uzi kwa mkono mmoja usilegee, zungusha sikio la kigingi kwa mkono wa pili. Kila mzunguko ushuke chini ya uliotangulia, usipande juu yake. Uzi ukishuka vizuri unakandamiza mfupa kwa nguvu. Ukibaki juu, uzi wazi utalia kama nzi ndani ya kopo, hasa A, ambayo kwenye magitaa mengi haina kishikizo cha kuivuta chini.

Na usiusokote uzi unapoufunga. Uzi uliosokoteka unatoa noti mbili zinazogombana, hata ukiwa mpya. Ukishuku, legeza, toa ncha kwenye kigingi, uache ujizungushe wenyewe, ufunge tena.

Ile sehemu iliyozungushiwa nyuzi za kitambaa za rangi mwishoni ipite mfupa na kuishia kwenye kigingi. Ikikaa juu ya mfupa, urefu wa seti si wa gitaa lako.

Hatua ya 5: Kutuliza na kurekebisha

Tyuni E, A, D, G. Kisha bonyeza kila uzi kwa dole gumba mara moja mbele tu ya kibebeo cha briji, na mara moja karibu na mfupa. Uzi mpya huvuka sehemu hizo kwa mviringo, na mviringo huo unapoteza mng'ao na kuyumbisha noti. Ukishakaa kona safi, tyuni tena. Vuta kila uzi taratibu kutoka kwenye ubao, katikati ya shingo, tyuni, rudia mara tatu. Baada ya hapo hautashuka sana jukwaani.

Rudia jaribio la freti ya 12. Noti iliyokandamizwa ikiwa juu kuliko ya kengele, rudisha kibebeo nyuma, uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kuzungusha skrubu, tyuni, kisha pima tena. Fanya haya kwa nyuzi zote nne, hata kama namba za pakiti hazikubadilika.

Kama nyuzi zinagonga freti kila mahali, liache gitaa usiku mmoja kwanza. Likiendelea, kandamiza E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi iliyopo juu ya freti ya 7 au ya 8. Iwe kama milimita 0.3 hadi 0.4. Hakuna nafasi kabisa: legeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, si zaidi, usubiri hadi kesho. Kikiwa kigumu, usikilazimishe, mpelekee fundi.

Hatua ya 6: Kurefusha maisha ya seti

Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu, kutoka briji hadi mfupa, dakika mbili tu. Weka vile vipakiti vya kukaushia unyevu, vinavyokuja na viatu vipya, ndani ya begi la gitaa. Usifungie gitaa lenye jasho begini usiku kucha. Na usipake mafuta ya nazi, ingawa ndiyo yaliyo karibu mkononi kila nyumba: yanaingia kwenye mifereji, yanakamata vumbi, na uzi unazimika. Ndimu na siki zinasafisha macho tu. Asidi yake inakula chuma.

Raundi zilizochoka bila vishimo unaweza kuzichemsha. Zikunje kwa duara pana, ziingie kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika 10 hadi 15, zisuuze, zifute, kisha zianike zikauke kabisa kabla ya kuzifunga. Njia salama zaidi ni kuzilaza saa 24 kwenye bomba la plastiki lililojazwa spiriti na kufungwa pande zote, mbali na jiko. Mng'ao utarudi kwa siku chache, pengine wiki mbili, na kila ukirudia unarudi kidogo kuliko mara iliyotangulia. Kunyoosha na kukunja tena pale kwenye kigingi huchosha chuma, kwa hiyo zifunge kwa uangalifu kwenye kona ile ile. Flati usizichemshe; maji yakiingia chini ya utepe hayatoki.

Andika tarehe kwenye kipande cha selotepu, ukibandike nyuma ya kichwa cha gitaa. Seti uliyoitoa ikiwa haina kutu, ikunje, uifungie kwenye mfuko ule ule wa pakiti mpya, uweke begini. Siku D itakapokatika katikati ya harusi, funga D ya zamani. Uzi mpya peke yake utapiga kelele kuliko wenzake watatu, na hutaweza kuunyamazisha kwa kitufe cha toni.