Zeze la kopo lenye gololi tumboni

Tafuta kopo tupu la rangi, la bati, lita 4, lenye mfuniko wake. Toboa ubavuni, karibu na kitako, matundu mawili yanayotazamana. Penyeza mpini wa ufagio mpaka utokeze sentimita tano upande wa pili. Kitako ndicho kitakachoimba, kama ngozi kwenye zeze la Wagogo.

Kwa fundi baiskeli omba waya wa breki uliochakaa. Ufumue, utoe uzi mmoja tu. Vaa glavu, mimi nilidharau, nikala ugali kwa kijiko siku tatu. Funga uzi kwenye ile ncha ya mpini iliyotokeza chini, upitishe juu ya kidaraja cha kifuu kilichokaa kitakoni, umalizie kwenye kigingi juu ya mpini. Kaza mpaka ulie. Do na re hatuzihitaji.

Kwenye mfuniko toboa tundu la upana wa kidole gumba, uligandishie nailoni nyepesi. Wagogo huziba matundu ya ilimba, ala yao ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwa utando wa mayai ya buibui ili sauti ikwaruze. Mimi sina subira ya kuwinda buibui hapa Tandika.

Kabla ya kufunika, tia gololi tatu. Nilianza na kumi, likawa daladala bovu. Zeze likiwa wima, mpini ukielekea juu, gololi zinatulia ubavuni mwa kopo. Ukiliinamisha mbele zinamwagikia kitakoni, na noti uliyokuwa unaipiga inavurugika.

Upinde ni fito na nyuzi ishirini za mshipi wa kuvulia. Mara ya kwanza haukutoa hata mlio, unateleza tu. Dawa iko kwa fundi redio: kile kijiwe cha rangi ya asali anachotumia kulehemu. Ni utomvu wa msonobari, ule ule wanaopaka wapiga fidla. Sugua.

Ukitaka spika, bandika kisahani cha piezo (kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) cha milimita 27 pembeni mwa kitako, kwa nje. Kichomeke kwenye amplifaya ya gitaa; ukikipeleka moja kwa moja kwenye miksa, sauti hukonda. Kaa mbali na spika, la sivyo kopo litapiga yowe lenyewe. (Yowe hilo nalo hufaa, likija kwa ruhusa yako.)

Jukwaani usiende na wimbo uliokariri. Anza na uzi mtupu, msikilize mpiga ngoma, nyamaza mara mbili zaidi ya unavyodhani. Siku nyingine gololi moja itanasa kwenye mpini na kuanza kutetema. Usilitikise kopo. Piga na hiyo iliyonasa.